Mapafu Hayana Macho

"Mapafu hayana macho." Maneno hayo mmeambiwa leo uwanjani na yule nesi mnene aliyewafunga mabao, nanyi mmerudi mmenuna kama watu waliotukanwa. Mnasema timu yenu ni ya wasichana wanaokimbia tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na wale akina mama wa hospitali walikuwa wakitembea tu, wengine wameshika viuno, na bado wamewashinda. Sasa mnaniuliza, Bibi, maneno haya yametoka wapi?

Sogezeni nyungo zenu mnisaidie kuchambua maharage. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Morogoro, na mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, babu yenu Anselmi. Nilikuwepo na niliyasikia kwa masikio yangu. Wala siku ile sikujua kwamba ni methali. Nilidhani ni tusi, na aliyeyasema nilimpiga.

Ilikuwa hivi.

Kaka yangu Anselmi Kobelo alikuwa bondia wa ridhaa, wale wanaopigana raundi tatu kwa ajili ya medali na heshima ya mkoa. Tulizaliwa juu milimani, na tangu utotoni kazi yake ilikuwa kushusha ndizi sokoni na kupandisha chumvi na mafuta ya taa. Mlima wenyewe mnauona. Wageni wakiupanda hukaa chini kila kona wakishika vifua. Anselmi aliupanda akipiga mluzi, na mzigo kichwani. Alipojiunga na klabu ya ngumi ya mtaani, kocha wao, Mzee Mbegani, alimwekea sikio kifuani baada ya mazoezi, akatikisa kichwa. "Moyo wa huyu mtoto," akasema, "haujui kama mwili umefanya kazi."

Rafiki yake mkubwa pale klabuni alikuwa Hamadi Lusewa, mtoto wa pekee wa Bi Mwanahawa, yule aliyekuwa akipika vitumbua karibu na stendi. Hamadi hakuzaliwa mlimani, lakini aliamua kwamba chochote anachokiweza Anselmi naye atakiweza. Kila asubuhi walikimbia pamoja hadi kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani huko juu na kurudi. Mwanzoni Hamadi alikuwa akitapika njiani. Mwaka ulipoisha walikuwa wakifika sawa, wakibishana mpira wakati wa kupanda, kama watu waliokaa barazani. Mabondia wa ridhaa mkoa mzima waliwaogopa wale wawili, kwa sababu raundi ya tatu, mwenzio akiwa anatafuta hewa, wao ndiyo kwanza wanaanza.

Basi, mwaka huo akaja Morogoro bondia wa kulipwa aliyeitwa Sefu Mangara. Sisi tulilisikia jina lake redioni tangu wadogo. Alikuwa mtu wa Tanga, amepigana miaka mingi, amezunguka nchi jirani zote, na sasa alikuwa anaelekea mwisho. Alikuwa na pambano Dar es Salaam, akataka mahali patulivu pa kufanyia mazoezi, ndipo Mzee Mbegani akamkaribisha klabuni.

Tulitazamia simba. Akashuka kwenye basi mtu mwenye kitambi, uso umevimba kidogo kama wa mtu aliyetoka usingizini, anaongea polepole. Siku ya kwanza vijana walimchukua kwenda kukimbia mlimani. Akaenda nao hadi kwenye kona ya kwanza, palipokuwa na banda la chai, akawaambia watangulie. Anselmi na Hamadi walipanda, wakafika juu, wakarudi. Wakamkuta pale pale bandani, chapati mkononi, anamsimulia mwenye banda habari za Lusaka.

"Bingwa, vipi?" Hamadi akamuuliza. "Mlima umekushinda?"

"Mlima haujanipiga ngumi," Sefu akajibu. "Sina ugomvi nao."

Vijana walicheka njia nzima. Jioni habari ilikuwa imefika sokoni: yule Sefu Mangara wa redioni kumbe ni gunia la unga. Na mimi nilicheka. Nilikuwa binti mwenye miaka kumi na tisa, nashona nguo, bukta za kaka yangu nilizishona mimi, za kijani na mstari mweupe ubavuni, nami niliamini kwamba duniani hakuna mtu wa kumchosha Anselmi.

Wiki hiyo hiyo akaja promota kutoka Dar, Bwana Mahimbo. Alikuwa akitafuta kijana wa kuingia ngumi za kulipwa moja kwa moja. Alikuwa na pambano la raundi nane na mpinzani alikwishapatikana, bondia mzoefu wa Dar mwenye mikono mizito. Kilichopungua ni mtu wa kusimama mbele yake. Sifa za Anselmi zilikuwa zimemfikia. Mzee Mbegani akapata wazo: Anselmi apigane mazoezi na Sefu, promota atazame. Sefu atapata mtu wa kumpasha moto, na kijana atapata nafasi ya kuonekana. Kila mtu aliona ni jambo jema. Sefu peke yake ndiye aliyeuliza, "Raundi nane? Huyu amewahi kupigana na mtu wa kulipwa?"

"Pumzi anazo za raundi ishirini," Mzee Mbegani akasema.

Sefu akaendelea kufunga bandeji mkononi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Ulikuwa ukumbi wa kawaida tu, wa bati, ulingo katikati na mabenchi pembeni. Mimi nilipata nafasi karibu na kamba. Mama Hamadi naye alikuwepo, ameacha vitumbua kwa jirani, amekuja kumwona "mwanawe wa pili" anavyomwaibisha mtu wa redioni.

Kengele ikalia.

Wajukuu zangu, raundi ile ya kwanza nilipaza sauti hadi nikakauka koo. Anselmi alimwendea yule mtu kama mvua ya masika. Kushoto, kulia, tumboni, kichwani, hakusimama hata kidogo. Sefu alirudi kwenye kamba akajikunja, viwiko vimebana mbavu, glovu zimefunika uso, akatulia pale kama mtu aliyejikinga chini ya mwavuli. Ukumbi ukawa unaitika kila ngumi. Hamadi alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele, "Mfungulie mabomba, Anselmi! Mzee amekwisha!" Kengele ilipolia, Sefu alirudi kwenye kona yake akikokota miguu. Promota alikuwa anatabasamu.

Raundi ya pili ndipo nilipoanza kuona jambo nisilolielewa. Anselmi alirusha ngumi zile zile, lakini nyingi zilipita hewani. Sefu hakuwa anakimbia. Alikuwa akisogeza kichwa kidogo tu, upana wa kiganja, na ngumi ikapita sikioni. Akipenda, alikuwa akimsogelea Anselmi, anamwekea kichwa kifuani, anamlalia na uzito wake wote na kile kitambi, na Anselmi inambidi ambebe. Akimsukuma, Sefu anarudi tena kulala. Na muda wote alikuwa anamsemesha, taratibu, kama mtu anayemsemesha mtoto wakati wa kumtoa mwiba. Tulio karibu tulisikia. "Unabana pumzi ukirusha. Itoe. Mabega umeyapandisha kwa nini? Nani anakufukuza?"

Raundi ya tatu ilipoanza, ukumbi ulikuwa umenyamaza.

Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa anahema. Anselmi! Yule aliyepanda mlima na mzigo kichwani akipiga mluzi, mdomo ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyefukuzwa, na mikono imeshuka hadi kiunoni. Na yule mzee wa chapati, yule aliyeshindwa na kona ya kwanza, alikuwa anapumua kwa pua, mdomo umefungwa. Watu walitazamana. Mzee Mbegani aliushika mlingoti wa kona yake.

Hapo Sefu akaanza kupiga. Alimpiga Anselmi kichwani ngumi tatu, si kali, za kujaribu tu, kama mtu anayegonga nazi kusikiliza maji. Anselmi alitikisika, akakaza meno, akaja mbele. Akampiga tena, kali zaidi kidogo. Anselmi akaja mbele. Ya mara ya tatu nilisikia ukumbi ukisema "Ah!", na kaka yangu alikunja uso kama mtu aliyemwagiwa maji, akaja mbele vile vile.

Nikamwona Sefu anabadilika. Sijui niwaelezeje. Alirudi nyuma hatua moja akamtazama Anselmi usoni, kisha akageuza shingo akamtazama promota pale alipokaa. Akamrudia Anselmi. Akajifanya anarusha mkono wa kulia kichwani, Anselmi akainua kiwiko kujikinga, na ngumi ya kushoto ikaingia chini, ubavuni. Mlio wake haukuwa mlio wa ngumi. Ulikuwa mlio wa ukuni mkavu.

Kaka yangu alipiga magoti. Akainama hadi paji la uso likagusa sakafu ya ulingo, mikono imekumbatia ubavu, na sauti iliyomtoka sikuijua kama ni yake.

"Sefu!" Mzee Mbegani alipiga kelele akiingia ulingoni. "Umefanya nini? Haya ni mazoezi!"

Sefu aliinama karibu na sikio la Anselmi, na kwa ule ukimya, ukumbi mzima ulimsikia.

"Mapafu hayana macho, mdogo wangu."

Ndipo mimi nilipopita chini ya kamba. Nilikuwa nimevaa ndala, nikaivua moja, nikamchapa nayo Sefu Mangara usoni mbele ya watu wote. Nikamchapa tena. Mtu ambaye kaka yangu hakuweza kumgusa usoni kwa raundi tatu alisimama akaipokea ndala yangu bila kuinua mkono, hadi akina mama waliponishika wakanitoa.

Hospitali walisema ubavu umevunjika. Akafungwa bandeji, akaambiwa asifanye mazoezi wala kubeba mzigo. Pambano la Dar likamponyoka hivyo. Na maneno yale yakaanza kutembea mjini. Akipita sokoni, amejishika ubavu, watoto walimpigia kelele, "Mapafu hayana macho!" Wapagazi walimwambia, "Bingwa, leo mzigo umeuona au unaupumulia tu?" Nyumbani alikaa kitandani akitazama ukuta. Nami nilimchukia Sefu Mangara kwa chuki ambayo sijapata kuwa nayo tena kwa binadamu yeyote.

Promota hakungoja. Alikuwa na tarehe na mpinzani, akaomba kijana mwingine mwenye pumzi. Hamadi akasema yuko tayari.

Alikuja kwetu kutuaga, ameleta vitumbua vya mama yake kwenye kikapu. Akakaa ukingoni mwa kitanda cha Anselmi.

"Wewe kosa lako ulimfuata kwenye kamba," akasema. "Ungemwacha katikati umzungushe. Mimi nitamzungusha huyo wa Dar mpaka aombe maji."

"Hamadi, mimi sikuchoka miguu."

"Sasa ulichoka nini?"

"Nilichoka kutojua," akasema. "Kila nilichofanya yeye alikuwa ameshakijua. Ni kama kupanda mlima ambao unasogea."

Hamadi alicheka, akampiga begani, bega lisilo na maumivu. "Wewe ulipatwa na woga wa jina tu. Jina la redioni. Huyu wa kwangu mimi simjui hata jina." Akatuachia vitumbua akaenda.

Kesho yake nilipeleka bukta za vijana klabuni, nikakuta Sefu amesimama mbele ya Hamadi na glovu mkononi. "Vaa tucheze kidogo," alikuwa anamwambia. "Kabla hujaenda. Raundi moja tu."

"Ili univunje na mimi?" Hamadi akasema kwa sauti, na vijana wote wakacheka. "Nenda kapande mlima kwanza, bingwa."

Sefu alisimama pale na zile glovu. Kisha akamgeukia Mzee Mbegani. "Kocha, usimpeleke."

"Sefu, tayari umeniharibia mmoja."

"Usimpeleke," akarudia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mzee Mbegani akampa mgongo. Mimi pia nilimpa mgongo. Nilifurahi kumwona ameaibika.

Hamadi akaenda Dar na Mzee Mbegani. Pambano lilikuwa Jumamosi. Simu za mkononi hazikuwepo, tukangoja basi la Jumapili. Mchana stendi ilijaa watu kumpokea. Bi Mwanahawa alikuwa amevaa kanga mpya, amepika wali, amewaambia majirani waje. Redio ilikuwa imetaja kwamba kijana wa Morogoro ameshindwa kwa pointi lakini amemaliza raundi zote nane, na sisi tulikuwa tumeipokea habari hiyo kama ushindi. Raundi nane, mara ya kwanza, na mtu mwenye mikono mizito! Vijana walikuwa na ngoma.

Basi halikuja. Likachelewa, likachelewa. Lilipofika, lilifika taratibu, taa zimewashwa mchana. Mlango ukafunguliwa, akashuka Mzee Mbegani peke yake. Aliwatazama wapiga ngoma kama mtu asiyejua ngoma ni kitu gani. Alimwona Bi Mwanahawa, akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya basi.

"Nilidhani amelala," akasema. "Mama Hamadi, naapa, nilidhani amelala tu."

Baadaye tulielezwa yote. Hamadi hakuangushwa hata mara moja. Alipigwa kichwani raundi ya pili, akaja mbele. Akapigwa ya tatu, ya nne, ya tano, akaja mbele. Kila alipokaa konani Mzee Mbegani alimuuliza, "Tuache?" naye akajibu, "Sijachoka, Kocha." Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo lililomwumiza yule mzee hadi anaingia kaburini. Alimwekea sikio kifuani na moyo ulikuwa unapiga vizuri. Hakuwa amechoka. Alishuka ulingoni kwa miguu yake, akasalimia watu, akala. Asubuhi akalalamika kichwa kinamgonga, akapanda basi, akakaa dirishani. Wakafika Chalinze, Mzee Mbegani akamnunulia soda, akamtikisa ampe. Chupa ikabaki mkononi mwa mzee. Walimkimbiza hospitali ya karibu, lakini alikuwa ameshatangulia.

Sitawaeleza kilio cha stendi. Nitasema tu kwamba wapiga ngoma hawakujua wazishike wapi zile ngoma zao, wengine waliziacha chini zikakanyagwa.

Tulimzika siku ya pili. Sefu Mangara alikuja. Alisimama nyuma kabisa ya watu, kofia ya kiua mkononi badala ya kichwani, na nilisikia minong'ono, wengine wakitaka afukuzwe. Nilikuwa tayari kuwa wa kwanza. Lakini Anselmi, ambaye alikuwa amefungwa bandeji na anatembea kwa upande, alinishika mkono akaniambia, "Muache. Nadhani nimeanza kuelewa." Uso wake ulikuwa umekauka, wa mtu aliyeona mahali alipopaswa kulala yeye.

Msibani, baada ya kisomo, Sefu alikwenda kumpa mkono Bi Mwanahawa aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake. Alichuchumaa mbele yake akasema pole. Mama yule hakuipokea. Alimtazama tu, macho yamekauka kwa kulia.

"Siku ile ya Anselmi," akasema, "nilikuwepo. Nilikuona ulivyomtazama yule promota kabla hujampiga. Nimelala nikiwaza. Ulikuwa unajua?"

Sefu aliinamisha kichwa. "Nilikuwa najua, mama."

"Ulijua nini?"

Hapo ndipo tulipomsikia akisema maneno mengi kwa mara ya kwanza, na ya mwisho.

"Nilimgonga Anselmi kichwani, hakuanguka. Nikamwongezea, hakuanguka. Mtu wa kawaida akipigwa asichokiona, huchoka, magoti yakamwisha, akaanguka, mwamuzi akamwokoa. Hawa vijana wa mlimani hawaanguki. Pumzi zinawashikilia wima mahali ambapo hawajui kujikinga. Mapafu yanawapeleka mbele, na hayaoni yanawapeleka wapi. Mimi nilikuwa hivyo. Pambano langu la kwanza la kulipwa silikumbuki, mama. Nimesimuliwa tu na watu. Na mpaka leo yapo mengine ambayo nasimuliwa. Nilipomwona promota anatabasamu, nilijua Anselmi hatanisikia nikimwambia. Ubavu unapona. Nikauvunja."

Nilijitazama miguuni, pale zilipokuwa ndala zangu, nikatamani ardhi inimeze.

Bi Mwanahawa akasema, kwa sauti ndogo ambayo naisikia hadi leo, "Kwa nini hukumvunja na wangu?"

Fikirini, wajukuu zangu. Mwanamke anamuuliza mtu, mbele za watu, kwa nini hukumvunja mwanangu mbavu, na kila mtu aliyekaa pale anatamani kwa moyo wote kwamba angemvunja. Yule mtu aliyepigwa miaka yote ile bila kutoa chozi, alilia mbele ya mkeka wa wanawake.

"Hakunipa mbavu zake, mama," akasema. "Nilimwomba. Hakunipa."

Bi Mwanahawa akamtazama. Halafu akajisogeza kando, akapangusa mkeka kwa kiganja, akampa nafasi akae.

Anselmi ubavu ulipopona alimfuata Sefu Tanga. Akakaa huko zaidi ya mwaka kabla ya kukanyaga ulingo wa kulipwa. Aliniandikia kwamba jambo la kwanza alilofundishwa halikuwa kupiga. Alifundishwa kupiga goti moja chini, kwa hiari yake, akapumzika mwamuzi akihesabu, na asione aibu. Alipigana miaka mingi, akashinda mengi, akashindwa mengine, na muulizeni pambano lolote, atawaeleza hadi rangi ya bukta ya mwenzake.

Mjini maneno yale hayakusemwa tena kwa muda. Watoto wa sokoni waliyaacha wenyewe, bila mtu kuwakataza. Aliyeyarudisha alikuwa Bi Mwanahawa. Alikuwa amerudi kupika vitumbua pale stendi, na asubuhi moja akaja kijana wa jirani, aliyekuwa utingo, amepewa lori kwa mara ya kwanza aendeshe mwenyewe hadi Iringa, na shehena ya saruji nyuma. Alikuwa anajisifu kwa wenzake kwamba atapanda mlima wa Kitonga na kushuka bila kupumzika, kwamba yeye halali, hachoki, ana nguvu za kukesha siku mbili. Wenzake walikuwa wanamshangilia.

Bi Mwanahawa aliacha karai lake jikoni, mafuta yakichemka. Akavuka barabara, akamshika yule kijana mkono wa shati kupitia dirishani mwa lori. Stendi nzima ikamwona, na stendi nzima ilimjua ni mama wa nani.

"Mwanangu," akamwambia. "Mapafu hayana macho."

Hakuna aliyecheka. Kijana alimtazama, uso ukamshuka, akazima injini. Akateremka, akaenda kumtafuta dereva mzee wa kukaa naye ubavuni.